Mstari Baada ya P7: Vijana Wakimbizi Waliobaki Shuleni, na Waliopotea



Sisi wa kujitolea tunaokaa mezani kupokea watu tunasikia swali moja kila wiki, kwa Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda na Kisomali: sasa mimi niende wapi? Anayeuliza huwa na miaka 16, au 17, au 18. Mtoto wa miaka tisa hana haja ya kuuliza. Kuna shule ya msingi ya serikali, mama atabishana kidogo na mwalimu mkuu kuhusu pesa ya chakula, mtoto ataingia. Aliyemaliza S6 na alama nzuri naye ana fomu za skolashipu za kujaza, hata kama atakosa. Huyu wa katikati ndiye hana dirisha lake. Kwenye orodha ya watoto ameshapita, na kwenye orodha ya wakubwa wanamwambia ngoja.

Wengi wanafikiri shida hii ni ya juzi, eti imeletwa na wingi wetu au na upungufu wa pesa wa mwaka huu. Tulipoanza kuuliza wazee na kusoma kidogo kidogo, kumbe ina umri wa kuwazidi baba zetu. Kila kizazi cha wakimbizi kilichopita Uganda na nchi jirani kilikutana na mstari ule ule mwishoni mwa shule ya msingi. Wengine waliuvuka, na namna walivyovuka inajulikana. Wengine hawakuuvuka, na tunajua pia walienda wapi.

Kwanza mstari wenyewe. Kwa asiyezoea mfumo wa hapa: msingi ni miaka saba, kuanzia P1 mpaka P7. Halafu sekondari, S1 mpaka S4, unafanya mtihani wa UCE. Kisha S5 na S6, unafanya UACE. Mganda aliyeanza kwa wakati anamaliza S4 akiwa na miaka 16 hivi, kwa hiyo miaka 16 kwake ni njia panda: aendelee, ajifunze ufundi, au atafute kazi. Kwetu mambo yamepinda. Mwaka mmoja umepotea kwenye vita, mwingine njiani, mwingine wa kungoja karatasi, na mwingine wa kurudishwa madarasa mawili nyuma kwa sababu ulisoma Kifaransa. Miaka 16 inamkuta kijana P6 au S1, amekaa benchi la nyuma na magoti yanagusa meza, anafundishwa pamoja na mdogo wake. Ndiyo maana tunasema mstari uko baada ya P7, ingawa vitabu vya serikali vinaweka njia panda S4.

Sasa angalia sheria. Mkataba wa wakimbizi ulitiwa saini Geneva tarehe 28 Julai 1951. Kifungu cha 22 kinagusa elimu, na kina sehemu mbili. Ya kwanza inasema kwa elimu ya msingi mkimbizi atendewe sawa na raia. Ya pili, kwa elimu ya juu ya hapo, atendewe vizuri kadiri inavyowezekana, na asiwe chini ya mgeni yeyote mwingine. Soma tena hayo maneno, kadiri inavyowezekana. Chini ya P7 una haki. Juu yake una bahati.

Tusiwalaumu sana waliokaa pale 1951. Huko Ulaya kwenyewe watoto wengi waliacha shule mapema wakaenda kiwandani. Uingereza ilikuwa imepandisha umri wa kuacha shule kufika miaka 15 mwaka 1947 tu. Kwa dunia ile, msingi ulitosha kukupa kazi. Lakini wao walisogea. Tangu 2015 kijana wa England anatakiwa abaki kwenye masomo au mafunzo mpaka afike miaka 18. Kifungu cha 22 hakijasogea hata sentimita moja.

Uganda ilijiunga na mkataba huo 1976. Kabla ya hapo na hata baada yake, mkimbizi wa hapa aliongozwa na sheria ya 1960 iliyotaka akae kambini na aombe ruhusa ya kutoka. Sheria mpya ilipitishwa 2006 ikaanza kutumika 2008, na ni nzuri, hata sisi tunaisifia mbele ya wageni: inaturuhusu kufanya kazi, kufungua duka, kukaa Kampala badala ya kambini. Ila kwenye elimu ilinakili mstari ule ule, msingi sawa na raia, zaidi ya hapo kama wageni wengine. Hakuna aliyeandika kwamba mtoto wa mkimbizi aishie darasa la saba. Lakini bajeti huwa zinasoma sheria kwa namna yao.

Wakimbizi wa kwanza wengi tuliosoma habari zao hapa Uganda walikuwa wazungu. Ndiyo, wazungu. Kuanzia 1942 Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto waliotoka kwenye uhamisho wa Urusi ya Stalin, waliletwa Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja kando ya ziwa upande wa Mukono. Walikuwa kama 7,000. Kanisa walilojenga Nyabyeya bado limesimama. Ndani ya kambi zao walikuwa na shule kuanzia ya watoto hadi sekondari, na mafunzo ya kazi, kwa lugha yao. Walikaa miaka michache tu, vita vikaisha, wakaondoka. Tunawataja kwa sababu moja: tukisikia kwamba sekondari ndani ya kambi ni ndoto ya watu wasiojua gharama, tunakumbuka kwamba ilishafanyika katika udongo huu huu, wakati wa vita kuu, chini ya serikali ya kikoloni.

Waliofuata hawakupata hivyo.

Wanyarwanda walianza kuvuka mwaka 1959. Nakivale na makazi mengine ya magharibi yalifunguliwa kwa ajili yao. Watoto walisoma chini ya miti, halafu kwenye shule za msingi za karibu, na wengi waliishia hapo. Sekondari ilikuwa mbali na ilitaka ada, na mzazi alikuwa na ng'ombe wachache au hakuwa nao kabisa. Lakini jamii ile ilikuwa na tabia moja ambayo wazee wetu bado wanaisimulia: walichangiana. Ukoo mzima unakaa chini, unachagua mtoto, unamtuma. Paul Kagame alikulia kambi ya Gahunge huko Toro, akasoma Ntare School ya Mbarara, kisha akaja hapa Kampala kumalizia Old Kampala Secondary School mwaka 1976. Sisi tukipita pale Old Kampala huwa tunacheka kidogo. Kilima hicho hicho ndicho wakimbizi wapya wamekuwa wakipanda miaka na miaka kutafuta usajili, wengine wakilala nje ya kituo cha polisi. Mkimbizi mmoja alifuata darasa pale, na leo mwingine anafuata karatasi.

Hatumtaji kwa sababu ya siasa, na tunajua wasomaji wetu hawana mawazo sawa juu yake. Tunamtaja kwa ajili ya wale ambao hawakufika Old Kampala. Kijana wa kambini aliyemaliza msingi miaka ya 1970, bila ada, bila shamba, bila uraia, alikuwa anangoja nini? Mwaka 1982, mwezi wa Oktoba, Wanyarwanda wengi wa Ankole, wakimbizi na hata raia wa hapa, walifukuzwa kwenye nyumba zao, mifugo ikachukuliwa, wengine wakarundikana mpakani. Msituni Luwero kulikuwa na jeshi la waasi lililokuwa linachukua vijana. Wakaenda kwa maelfu. Jeshi hilo liliingia Kampala Januari 1986. Tarehe 1 Oktoba 1990 wengi wa vijana hao hao walivuka mpaka kurudi Rwanda na bunduki, na yaliyofuata katika eneo letu la Maziwa Makuu kila mmoja wetu anayajua kwa namna ya familia yake. Hatusemi sekondari ingezuia yote hayo, historia si nyepesi hivyo. Tunasema kwamba jeshi lilikuwa na nafasi kwa kijana wa miaka 17, na shule haikuwa nayo.

Upande wa kaskazini kuna habari ya kinyume, nayo tunaipenda. Mwaka 1962 wanafunzi wa Sudan Kusini waligoma shule nyingi, wakakimbilia Uganda na nchi jirani. Wengine waliingia kwenye uasi. John Garang alikuwa mmoja wa vijana wa wakati ule waliotaka kupigana, na viongozi wa mapambano wakawaambia yeye na wenzake wa umri wake: ninyi bado wadogo, nendeni mkasome. Alimalizia sekondari Tanzania, akapata skolashipu ya Grinnell College kule Marekani, akapata shahada yake 1969. Baadaye alishika bunduki kweli, miaka mingi, hatufichi. Lakini tunajiuliza ni wakubwa wangapi leo wenye ujasiri wa kumwambia kijana aliye tayari kufa kwamba kwanza amalize shule, kisha wamwonyeshe shule iko wapi.

Na shule iko wapi, hilo ndilo swali gumu. Jibu kubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki lilitolewa Morogoro, Tanzania, na waliolitoa walikuwa wakimbizi wenyewe. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana wakapigwa risasi. Baada ya hapo vijana wengi wa Afrika Kusini, wa umri wetu na chini yake, walivuka mipaka wakiwa na nguo walizovaa. Chama cha ANC kikajikuta na watoto wa shule mikononi. Kingeweza kuwapa wote sare za jeshi. Badala yake kiliomba eneo, na serikali ya Tanzania ikakipa shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Shule ikaanza 1978. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi ambaye fujo za wakati ule zilimkatisha shule, akaenda kwenye mapambano, akanyongwa tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Jina lile halikuchaguliwa kama pambo tu. Aliyekatishwa shule alipewa shule.

Kinachotuvutia Mazimbu ni jinsi walivyoipanga. Haikuwa madarasa peke yake. Kulikuwa na shamba la kulisha wanafunzi, karakana ya samani, cherehani za kushona nguo, hospitali, mabweni. Kijana aliyeshindwa hesabu hakurudishwa mtaani, alihamishiwa mahali pengine ndani ya mfumo ule ule, na Dakawa, jirani, pakaendelezwa kwa ajili ya waliohitaji njia tofauti, pamoja na ufundi. Wanafunzi walisoma na kufanya kazi. Wapo walioona kazi za shamba ni adhabu, na kulikuwa na utoro, ulevi, na ujana wote unaoujua. Hata hivyo waliendelea mpaka 1992, wakati nchi yao ilipokuwa inafunguka, ndipo wakakabidhi majengo kwa Tanzania. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwa hiyo Mtanzania anasoma leo kwenye majengo yaliyojengwa kwa ajili ya mkimbizi. Wanaosema pesa ya kumsomesha mgeni imepotea waende Mazimbu wakatembee.

Unaweza kusema ANC ilikuwa na marafiki matajiri wa Skandinavia na kwingine. Ni kweli. Sisi hatuna chama wala rafiki wa namna hiyo. Basi tuje kwa wasio na kitu.

Lakini kabla ya hapo, neno moja kwa ndugu zetu Waganda: ninyi pia mlikuwa huko. Wakati wa Amin vijana wengi wa Uganda walikimbilia Nairobi wakiwa nusu ya masomo. Kulikuwa na mwalimu Mwingereza wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Hugh Pilkington, ambaye kuanzia 1977 alianza kutumia mali yake mwenyewe kuwalipia wakimbizi masomo, mmoja mmoja. Alifariki 1986, lakini kazi yake haikufa, ikaendelea chini ya jina la Windle. Ukienda leo kwenye makazi ya wakimbizi Uganda utakuta jina hilo kwenye vibao vya shule za sekondari. Wengi wa wanafunzi wanalipita kila asubuhi bila kujua kwamba mwanzo wake ulikuwa mtu mmoja kulipia ada watu waliokwama.

Sasa Kampala yetu. Wakongo tulianza kuja kwa wingi baada ya vita vya 1996 na 1998, tukakuta Wasudani, Wasomali na wengine wameshafika. Wengi tulipelekwa Kyangwali, Kyaka au Nakivale. Wengine tulikataa au tulitoroka, tukakaa Katwe, Nsambya, Makindye, Masajja, Ndejje. Wasomali wakajaza Kisenyi. Kukaa mjini kulikuwa na bei yake: hakuna chakula cha msaada. Wazo ni kwamba aliyechagua mji amechagua kujitegemea. Na kwa miaka mingi hata kwenye vitabu vya UNHCR mkimbizi wa mjini alionekana kama mtu aliyepotea njia; msimamo wao wa 1997 ulikuwa mkali, na ni 2009 ndipo walipoandika mpya unaokubali kwamba mji ni mahali halali pa mkimbizi kuishi.

Ebu fikiria kijana wa miaka 16 katika hali hiyo. Baba hayupo au hana kazi. Mama anatembeza vitenge na bijou kutoka mlango hadi mlango, jua lote. Kodi ya chumba inangoja tarehe 5. Ada ya sekondari ni pesa ambayo ingelipa chumba hicho miezi. Serikali ilianzisha sekondari ya bure mwaka 2007, baada ya msingi wa bure wa 1997, lakini bure ina mlango mdogo: sare, chakula cha mchana, vitabu, na mara nyingi hakuna nafasi. Kijana anaanza kubeba mizigo, leja leja za ujenzi, kuosha magari. Anasema ni kwa muhula mmoja tu. Tumewaona. Muhula mmoja una tabia ya kuzaa mwingine.

Ni hapo vijana wenyewe walipoanza kujifungulia milango, na hii ndiyo sehemu ya historia ambayo ripoti nyingi huwa zinaipita haraka. Mwaka 2005 huko Kyangwali, kikundi cha vijana, wengine bado wanasoma, kilianzisha kinachoitwa CIYOTA. Hawakuwa na mfadhili. Walilima. Walichukua jembe, wakalima pamoja, wakauza mavuno, wakawalipia wenzao ada. Halafu wakagundua kwamba ada peke yake haitoshi, kwa sababu sekondari nzuri ilikuwa Hoima, mbali na kambi, na msichana akitembea au akipanga chumba peke yake mjini haimalizi vizuri. Wakatafuta hosteli Hoima ili wanafunzi wa kambini wapate kitanda karibu na shule. Mmoja wa waanzilishi, Joseph Munyambanza, alikuwa bado mwanafunzi mdogo walipoanza. Yeye baadaye alienda African Leadership Academy ya Afrika Kusini, kisha chuo kikuu Marekani, na akarudi kufanya kazi ile ile.

Tunaomba ndugu wa mashirika mtulie hapo kidogo. Jembe, mavuno, kitanda. Kitanda! Katika mikutano mingi tuliyokaa tunasikia uwezeshaji na ubunifu, lakini neno kitanda halitajwi. Na kwa wasichana wetu wengi kilichokatisha shule hakikuwa akili wala nia. Ilikuwa njia ya kurudi nyumbani jioni.

Hapa Kampala, mwaka 2007, vijana Wakongo walianzisha YARID. Kulianza na mpira, kwa sababu vijana walikuwa wamekaa bure na makabila yameanza kutazamana vibaya. Kwenye mpira wakasikia shida yenyewe ni lugha: hujui Kiingereza, hupati kazi, hueleweki hospitali, hukubaliwi darasani. Wakafungua darasa la Kiingereza. Refugee Law Project ya Makerere nayo ilikuwa ikifundisha watu wazima Kiingereza, na Jesuit Refugee Service pale Nsambya ikafundisha lugha pamoja na ushonaji na mapishi. Mtu wa nje anaweza kuona darasa la Kiingereza ni kitu kidogo. Kwa kijana aliyemaliza darasa la kumi Bukavu, miezi sita ya Kiingereza ndiyo tofauti kati ya kuingia S3 na kurudishwa P6. Ukimrudisha P6 akiwa na miaka 17, umemfukuza kwa adabu.

Kuna na mlango wa karatasi. Mwenye diploma ya serikali ya Kongo au cheti kingine cha sekondari anatakiwa kikalinganishwe na UNEB, na cha Kifaransa kwanza kitafsiriwe. Kila hatua ni pesa na safari. Na wapo ambao cheti kilibaki ndani ya nyumba iliyoungua. Kwa hao tumeona hata ripoti kadi ya darasa moja, iliyokunjwa ndani ya Biblia, ikisaidia mazungumzo na mwalimu mkuu mwenye moyo.

Mwaka 2018 UNHCR ilitoa hesabu ya dunia nzima: asilimia 61 ya watoto wakimbizi walikuwa shule ya msingi, asilimia 23 sekondari, na asilimia 1 elimu ya juu. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, Uganda ilizindua mpango wa elimu kwa wakimbizi na wenyeji, wa kwanza wa aina yake. Ulikuwa mpango mzuri, na ulijenga madarasa tunayoweza kuyaonyesha. Elimu ya juu nayo ina DAFI, skolashipu za Ujerumani zilizoanza 1992, na lengo la kufikisha asilimia 15 ifikapo 2030. Tunafurahi. Ila ukiangalia hizo namba tatu vizuri utaona mporomoko mkubwa uko wapi: kati ya 61 na 23. Aliyeanguka pale hawezi kuomba DAFI. Daraja lina kichwa upande huu na kichwa upande ule, na katikati ni maji.

Watu wakifika hapo husema basi waende ufundi. Tunakubali, na hatupendi dharau ya ufundi. Makerere yenyewe, ambayo kila mzazi wa Kampala anaiota, ilianza 1922 kama shule ya ufundi yenye wavulana 14 wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Baadaye ikapanda kuwa chuo kikuu, ufundi ukahamishwa kwingine, na tangu hapo mtoto anayepelekwa ufundi anaonekana ameanguka mtihani. Makosa hayo si yetu wakimbizi, tumeyakuta.

Tunachokataa ni kozi za miezi mitatu. Kushona miezi mitatu, nywele miezi mitatu, sabuni wiki mbili, picha ya pamoja, cheti chenye nembo nyingi, kwaheri. Tunajua dada mmoja mwenye vyeti vinne vya namna hiyo na hana cherehani. Cheti ambacho fundi wa Katwe hakijui hakimsaidii mtu Katwe. Uganda ina mfumo wa serikali wa kupima mafunzo kwa ngazi na kutoa vyeti vinavyotambulika, na hata aliyejifunza kazi kwa kuifanya, bila kukaa darasani, anaweza kupimwa kwa vitendo akapata karatasi inayoitwa Workers PAS. Tumeona vijana walioshika spana miaka mitatu gereji bila kujua kwamba jambo hilo lipo. Kumpeleka mmoja akapimwe ni rahisi kuliko kumwanzishia kozi mpya ya kitu anachokijua tayari. Nakawa pale kuna chuo cha ufundi kilichosaidiwa na Wajapani tangu mwisho wa miaka ya 1960, na mafundi wake wanajulikana mji mzima. Hawakufundishwa kwa miezi mitatu.

Halafu ikaja korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Madarasa ya mitihani yalirudi mapema kidogo, wengine wakakaa. Aliyekuwa na miaka 14 wakati wa kufunga alikuwa na 16 wakati wa kufungua, na katikati alikuwa ameshaonja pesa yake mwenyewe, au ameolewa, au ana mtoto mgongoni. Serikali iliruhusu wasichana wajawazito na wenye watoto warudi darasani. Wachache tuliowajua walirudi, na waliorudi karibu wote walikuwa na bibi au shangazi wa kumshika mtoto asubuhi. Hapo tena, kitu kidogo kama kitanda cha Hoima.

Tangu misaada ilipokatwa sana mwaka 2025, madarasa mengine ya lugha tuliyokuwa tukiwaelekeza watu yamefungwa au yamepunguza siku. Yaliyobaki wazi, mengi yanaendeshwa na waliokuwa wanafunzi hapo zamani, bila posho, kwenye vyumba vya makanisa. Kikundi chetu kina darasa la Kiingereza Jumanne na Alhamisi jioni, saa kumi na moja, tuliweka muda huo kwa ajili ya wanaofanya leja leja. Jumamosi tunakaa na wenye vyeti vya Kongo na Burundi kuangalia kinachohitaji kutafsiriwa na kulinganishwa. Njoo na chochote ulichonacho, hata ripoti kadi ya zamani. Na kama wewe ni fundi Kampala, uliyesoma au uliyejifunza kazini, tunatafuta gereji na vyumba vya kushona vinavyoweza kupokea kijana mmoja mmoja kwa mwaka mzima, si miezi mitatu.